Gia boksi ya 240Z inakoroga na kuvuma: ijengwe upya, ibadilishwe, au iachwe kwanza?

"Shikamoo fundi. Niko Moshi, nina Datsun 240Z ya 1972 gia tano, ilikuwa ya baba mkubwa, imelala bandani miaka mingi na mwaka jana ndo nikaifufua. Injini iko safi, shida ni gia boksi. Asubuhi gia ya pili inakwaruza sana hasa nikirudisha kutoka tatu, ikishapata moto inapungua ila haiishi. Rivasi nayo inakoroga mpaka watu wanageuka kuangalia. Halafu ikiwa nyutro inavuma, nikikanyaga klachi mvumo unapotea, hiyo nimeshaizoea hainisumbui. Fundi wa kwanza kasema boksi imekufa tuweke ya pickup. Wa pili anataka aijenge yote upya, kila kilichomo kiwe kipya, na hela aliyotaja inakaribia kununua Vitz. Wa tatu kasema niweke oili nzito niendelee na maisha. Naendesha Jumapili tu, Marangu na kurudi, mara moja moja Arusha. Nimsikilize nani?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuitoa bandani, maana hizo gari nyingi huku zimeishia kuku kutagia ndani.

Jibu la haraka ni kwamba usimsikilize hata mmoja kati ya hao watatu, angalau kwa sasa. Yule wa pili ndo yuko karibu na ukweli lakini anataka kukutibu magonjwa ambayo hajayapima. Na wewe mwenyewe kilichokutisha ni kile kinachoweza kusubiri, halafu kile usichokijali ndo kina haraka. Gia ya pili inayokwaruza ukiwa na mkono mpole unaweza kuishi nayo muda mrefu tu. Ule mvumo wa nyutro uliouzoea, huo ndo unaokula boksi yako kidogo kidogo kila Jumapili.

Nianze na hiyo ya kukwaruza maana ndo inaeleweka vibaya sana. Watu wakisikia krrrr wanadhani meno ya gia yanagongana na kusagana. Hapana. Kwenye boksi kama yako meno ya gia za mbele yameshikana muda wote, hata ukiwa nyutro, hata ukiwa umesimama kwenye taa za barabarani. Unapoingiza gia hausogezi gia, unasogeza kola inayoteleza juu ya shafti ili ikaifunge ile gia na shafti vizunguke pamoja, sasa kola ina mwendo wake na gia ina mwendo wake, kwa hiyo lazima kwanza viende sawa. Ni kama konda anayekimbia kidogo sambamba na daladala kabla hajadandia. Kazi ya kusawazisha huo mwendo inafanywa na pete ya sinkronaiza, inabanwa kwenye koni ya gia, inasugua, mwendo unalingana, ndo kola inapita. Pete ikichakaa, au oili ikiwa haifai, msuguano unakuwa hautoshi, kola inafika kabla ya mwendo kulingana na vimeno vidogo vya pembeni vinagongana. Huo ndo mlio wako. Vinaumia ndio, lakini ni vimeno vya kufungia, meno yenyewe yanayobeba gari hayahusiki.

Na kwa nini gia ya pili, kwa nini ukishuka kutoka tatu? Kwa sababu hapo ndo pete inafanya kazi nzito, inabidi iongeze mwendo wa shafti na gia zote za chini kwa mruko mkubwa, tena asubuhi oili ikiwa nzito kama uji. Karibu kila boksi ya zamani pete ya pili ndo hutangulia kufa. Hakuna cha ajabu hapo. Ukitaka kuipumzisha kwa sasa, usiitumie pili mpaka uwe umetembea kilomita chache, au ujifunze kukanyaga klachi mara mbili: toa tatu weka nyutro, achia klachi, gusa moto kidogo, kanyaga tena, ingiza pili. Kama ukifanya hivyo inaingia kimya kabisa basi tayari umeshapata jibu kwamba ni pete au oili, na sio kitu kilichovunjika.

Ila subiri. Pili inakwaruza na rivasi inakoroga kwa pamoja, hapo mi kabla sijaigusa boksi naiangalia klachi kwanza, na nashangaa mafundi watatu hakuna aliyeitaja. Rivasi kwenye hizi boksi haina sinkronaiza, inategemea wewe ukanyage klachi na usubiri vitu vya ndani visimame. Kama klachi haiachii vizuri, shafti ya kuingilia inaendelea kuburuzwa na injini, rivasi itakoroga na pete ya pili itapigana na injini nzima badala ya kupigana na gia peke yake, hata ukiweka pete mpya kutoka Japani zitakufa vilevile.

Kupima ni bure. Pasha injini, iache sailensa (izunguke yenyewe bila kukanyaga moto), kanyaga klachi mpaka chini, hesabu taratibu mpaka kumi ndo uingize rivasi. Ikiingia kimya, klachi yako ni nzima na tatizo ni haraka zako tu. Ikikoroga hata baada ya kusubiri, klachi inaburuza. Sasa pampu pedali mara mbili tatu haraka haraka halafu jaribu tena, ikiwa nafuu basi kuna hewa kwenye mfumo au raba za masta (pampu ya kwenye pedali) au za slevu (pampu ndogo ya kwenye boksi inayosukuma klachi) zimechoka, na kwa gari iliyolala miaka ningeshangaa kama hazijachoka. Mwambie mtu akanyage wewe ukiwa chini unaangalia ule ufito wa slevu unaosukuma uma. Ukiona unasogea chini ya sentimita moja huna haja ya kuendelea kutafuta mchawi. Raba za slevu na masta na ile hozi laini ni hela ndogo sana ukilinganisha na Vitz.

Kuna mambo mengine mawili ya klachi kwenye Z. La kwanza, nyuma ya krenki kuna bushi ndogo ambayo ncha ya shafti ya boksi inakaa ndani yake, gari ikilala inakauka na kuanza kung'ang'ania, kwa hiyo hata klachi ikiachia bushi inaendelea kuizungusha shafti. Hiyo huioni mpaka boksi ishuke. La pili, ile kola inayobeba beringi ya klachi, Datsun walitengeneza za urefu tofauti tofauti kufuatana na presha pleti (sahani inayobana klachi) iliyopo. Kama huko nyuma kuna mtu alibadilisha presha pleti akaweka ya modeli nyingine bila kubadilisha kola, klachi haitaachia sawasawa milele na unaweza kutoa hewa mpaka ukachoka. Uliza nyumbani kama kuna anayekumbuka klachi ilibadilishwa lini na wapi.

Haya, tuje kwenye mvumo. Gari ikiwa nyutro umeachia klachi, injini inazungusha shafti ya kuingilia, hiyo inazungusha shafti ya chini yenye gia zote, na gia za juu zinazunguka bure. Ukikanyaga klachi vyote vinasimama. Mvumo ukipotea hapo hapo maana yake kinacholia ni kimojawapo kati ya hivyo, na mara nyingi mno ni beringi, ya shafti ya kuingilia au za shafti ya chini. (Ingekuwa kinyume, mlio unakuja ukikanyaga, ningekwambia beringi ya klachi.) Na nadhani najua ilivyoanza. Boksi ikikaa muda mrefu bila kuzunguka, oili yote inashuka chini, sehemu ya beringi iliyo juu ya oili inabaki kavu, usiku wa baridi unyevu unaganda ndani, kutu inashika kwenye njia ya gololi. Ukiiwasha baada ya miaka ile kutu inabanduka na kuacha vishimo, gololi zinapita juu ya vishimo mara elfu kwa dakika, hapo ndo uuuuu inapotoka. Sasa hivyo vishimo havijirudishi, vinazidi. Beringi ikilegea shafti inahama sehemu ndogo tu ya milimita, lakini gia zimechongwa zikutane mahali pamoja kamili, shafti ikihama meno yanakutana vibaya, ngozi ngumu ya juu ya jino inaanza kumeguka, na hapo umetoka kwenye tatizo la beringi ambayo unaweza kuipata umeingia kwenye tatizo la gia ambayo huwezi.

Kuna kipimo cha barabarani kitakachokusaidia kujua ni wapi. Gia ya nne kwenye boksi yako ni moja kwa moja, nguvu inaingia mbele inatoka nyuma bila kupita kwenye shafti ya chini, shafti ya chini inazunguka tu bila mzigo. Tafuta mlima wa taratibu, barabara ya Himo kwenda Marangu inatosha kabisa, panda kwa gia ya tatu ukiwa umekanyaga moto kisha weka nne. Kama mvumo ni mkubwa kwenye tatu na ukiweka nne unatulia sana, angalia beringi na gia za shafti ya chini. Kama unavuma sawasawa kwenye gia zote, ya nne ikiwemo, shuku beringi kubwa ya mbele. Na kama unavuma hata ukiwa umeweka nyutro gari inateremka yenyewe na klachi umekanyaga, basi hiyo huenda sio boksi hata, anza na difu (gia za ekseli ya nyuma) na beringi za matairi.

Kabla ya kushusha chochote mwaga oili yake kwenye chombo cheupe safi. Nataka uiangalie kwenye jua. Uji wa kijivu laini kwenye nati ya kumwagia ni wa kawaida. Vumbi la dhahabu linalometameta ni shaba ya pete, kwa boksi ya miaka hamsini halinitishi. Chenga unazoweza kuzishika kwa kucha, vipande vyenye kona, au vipande vyembamba kama magamba, hapo simamisha gari, hakuna tena Marangu.

Na oili yenyewe: huyo wa tatu aliyesema oili nzito kakupoteza. Oili nzito inaficha mvumo ndio, lakini pete inafanya kazi kwa kukata ile ngozi ya oili kwenye koni ili ishike, ukizidisha uzito asubuhi haikati, kwa hiyo pili itazidi kukwaruza. Weka 80W-90 au 75W-90, na ugeuze kopo usome nyuma, unatafuta GL-4, hilo ni daraja la oili ya gia. Madukani mengi utapewa GL-5 na kuambiwa ni bora kwa sababu namba ni kubwa. GL-5 ni oili ya difu, ina dawa nyingi zaidi za kuzuia chuma kusagana kwenye mgandamizo mkubwa, na kitu kinachozuia kusuguana ndo adui wa pete inayoishi kwa kusugua, tena baadhi ya hizo dawa za salfa zikipata joto zinaila shaba. Sijui uliweka nini ulipoifufua, ila kama ni GL-5 mwaga weka GL-4, tembea wiki mbili, unaweza kushangaa nusu ya tatizo la pili limeondoka kwa hela ya kopo mbili.

Sasa hiyo habari ya boksi ya pickup. Sikatai kwamba familia hiyo ya boksi za Nissan (ndo waliotengeneza Datsun), wanaita 71, imefungwa kwenye magari mengi na nyingine ni ngumu sana. Lakini "inaingia" sio sawa na "inakaa". Haus ya mbele lazima ikubaliane na injini yako ya L24 silinda sita, urefu wa mkia unatofautiana, gia liva inaweza kuchomoza mahali pengine ukaanza kukata bodi, propela ikatwe na kubalansiwa, gia ya spidomita isome vibaya. Wiki moja ya huyo fundi ni mwezi. Kama kweli ni lazima ubadilishe, boksi ya gia tano ya 280ZX, Z ya baadaye, ndo wenzetu wenye Z duniani huwa wanaitumia, ila nayo piga hesabu. Za 1981 mpaka 1983 uwiano wa gia ya tano ni 0.745. Kama uwiano wa difu yako ni 3.9, ambayo ndo kawaida kwa 240Z za gia tano, utakuwa na tano nzuri ya barabara kuu. Ila kama kuna mtu aliweka difu ya 3.364 ya zile za Marekani, kwa kilomita 100 kwa saa injini itakuwa inazunguka kama 2,150 tu, na huku kwetu Arusha mita 1,400 juu ya bahari ambako injini ya kabureta haina pumzi, ukitoka Boma Ng'ombe unakuja huku utakuwa unarudi nne kila kilima. Tano isiyotumika ni uzito tu.

Halafu tusiidharau hiyo boksi. 240Z ilishinda Safari Rally 1971 na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta, kwenye barabara ambazo wazee wetu wanazikumbuka, kwa hiyo anayekwambia ni dhaifu kwa asili yake anaongea tu. Na gari yenye boksi yake ya kuzaliwa ni gari nyingine kabisa siku ya kuiuza. Hata ukiamua kubadilisha, ile ya zamani ipake oili, ifunge kwenye plastiki, iweke ndani. Usimwachie fundi kwa ajili ya "kupunguza bei". Huyo anajua anachofanya.

Kwa hiyo mimi ningefanya nini. Klachi na oili kwanza, wiki hii. Kisha, mvumo ukiwepo bado, na utakuwepo, boksi ishuke kabla ya mvua za masika na ifunguliwe kwa lengo la kukagua, sio kwa lengo la kujenga. Tofauti ni kubwa kwenye mfuko. Ikiwa mezani unabadilisha beringi zote bila kuzibagua, maana kazi ya kufika huko ndo gharama yenyewe, oil sili zote, pete ya pili na ya tatu, zingine zinapimwa. Kupima pete, zikiwa za shaba, sio kuangalia kwa macho, unaibana kwenye koni ya gia yake unapitisha fila geji (visahani vyembamba vya kupimia nafasi) katikati ya vimeno vya pete na vya gia, nzima inaacha nafasi inayozidi milimita moja, ikipungua sana chini ya hapo imekwisha. Gia yenyewe kama meno yake ni laini hayana vishimo inarudi ndani. Kubadilisha gia nzima ili tu "kila kitu kiwe kipya" ni kutupa chuma cha Japani cha 1972 ambacho pengine ni bora kuliko utakachopewa.

Usiagize pete kabla ya kufungua, nalisema kwa herufi kubwa: USIAGIZE. Datsun walitumia aina mbili. Kuna boksi zenye pete za shaba za aina ya Warner, na kuna zenye pete za chuma zilizokatwa mahali pamoja, za aina ya Porsche, hizi ndo zilikuja sana kwenye gia tano za nje ya Marekani, kwa hiyo inawezekana sana yako ni hizo. Haziingiliani kabisa, na za pili ni ngumu kupata na bei yake inauma. Ukikuta ni hizo na bado zinapumua, rudisha pili ilivyo, fanya beringi, endelea kukanyaga klachi mara mbili. Sio aibu. Beringi ni rahisi zaidi, zina namba pembeni, nyingi utazipata kwa namba kwenye maduka ya beringi hapa Arusha au Nairobi, ila angalia kama ya kwako ina mfereji wa klipu ya pete (snap ring) kwa nje, namba inaishia na NR, usikubali isiyo nao kwa kuambiwa ni ileile. Kwa vitu vya Datsun vyenyewe Nairobi wana watu wa mbio za zamani, ile East African Safari Classic imekuwepo tangu 2003 na Z zinakimbia, kwa hiyo kuna vyuma na kuna wanaovijua.

Kuhusu nani afungue, hapo ndo ningekuwa mkali. Kwenye hizo shafti za uma kuna gololi ndogo zinazozuia gia mbili zisiingie kwa pamoja, ikipotea moja chini ya benchi na boksi ikafungwa bila hiyo, siku moja itaingia gia mbili na boksi itajifunga ukiwa kwenye mwendo. Beringi zitoke kwa presi na pula, sio nyundo na patasi. Muulize fundi maswali mawili tu: utatoa beringi kwa nini, na utapima pete kwa nini. Akikujibu kwa kucheka, chukua gari yako. Na asiwepo mtu wa kukuchomelea jino la gia, chuma kile kimekaushwa kwa moto maalumu, ukichomelea kinapoteza ugumu na jino litaondoka na wenzake.

Kuna hali ambazo hazisubiri maandishi yangu. Kama gia inaruka yenyewe kurudi nyutro ukiteremka, acha kuendesha leo, maana kutoka Marangu kuja Himo injini ndo breki yako ya pili na hutaki ikuache konani. Vilevile mvumo ukibadilika ghafla kuwa wa kugonga, au oili ikianza kudondoka katikati ya haus, hiyo inaelekea kwenye pleti ya klachi.

Mengine tunaweza kuyamaliza hapa kwa picha, nitumie ya ile oili kwenye chombo cheupe na ya ufito wa slevu. Ila ukiamua kuja nayo Arusha niisikilize, usije asubuhi ukataka urudi mchana, maana ukitoka Moshi itafika hapa imeshachemka na pili itakuwa imetulia, nitaonekana mwongo au wewe. Njoo jioni, iache ilale kwangu, usiiwashe tena. Asubuhi nitaiwasha mwenyewe ikiwa ya baridi, ndo nitakwambia ishuke au isishuke.